Mama Stoo na barua ya pili: kisa cha kutoka hotelini kwenda hospitalini

Alifika saiba, duka la kompyuta na intaneti ninakochapia watu barua, asubuhi ya Jumatatu, kabla sijamaliza kufagia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye kiti cha mteja na kunikabidhi bahasha ya kaki. Mlikuwa na cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, cha mwaka 1996, cheti cha utumishi kutoka hoteli aliyokuwa akifanya kazi hapa Malindi, na tangazo la kazi alilotumiwa na mpwawe kwa WhatsApp, amelichapisha kwa karatasi. Hospitali moja ya binafsi ya hapa Pwani ilitafuta msaidizi wa stoo ya dawa na vifaa vya tiba.

"Mwanangu, nichapie barua kama ile ya siku zile," akaniambia.

Jina lake nitaliacha. Hotelini walimwita Mama Stoo, na kwa ruhusa yake nitamwita hivyo. Alikuwa na umri wa miaka 46, na kwa miaka 11 alishika funguo za stoo ya chakula. Kila mwaka ilikuwa ni ile hali tunayoijua sote wa huku: kuanzia Aprili watalii wanapungua, mvua za masika zinaingia, hoteli inafunga miezi miwili mitatu, wafanyakazi wanarudi nyumbani kungoja simu. Machi 2020, safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, kungoja huko kuliendelea karibu mwaka mzima. Hoteli ilifunguliwa tena kwa kusuasua, kisha ikafungwa moja kwa moja. Naye akaamua kwamba hatangoja simu tena.

"Ile ya siku zile" nilikuwa nayo kwenye kompyuta. Naieleza hapa kwa sababu ndiyo ugonjwa wenyewe, na mimi ndiye niliyeusambaza. Ni barua moja niliyoihifadhi miaka mingi. Mteja akija nabadilisha jina, tarehe na anwani, nachapisha, nalipwa. Mama Stoo nilikuwa nimemchapia mara tano katika miezi minne: duka kubwa la jumla, ghala la mwagizaji mizigo, shule ya bweni, na zahanati mbili. Hakuna aliyemjibu. Kiini cha barua kilisema hivi:

"Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu. Naweza kufanya kazi bila kusimamiwa na hata chini ya shinikizo. Nitashukuru sana ombi langu likifikiriwa vyema."

Hakuna uongo hapo. Lakini maneno hayo yanamfaa mlinzi, mwalimu wa chekechea na dereva wa tuktuk sawasawa. Kwa mtu anayebaki katika kazi yake ile ile, barua ya namna hii haimdhuru sana. Mpishi anayehama hoteli kwenda hoteli nyingine hubebwa na wasifu wake: msomaji anaona "mpishi" mara tatu na anaelewa. Ndiyo maana barua hii iliwahi kumsaidia Mama Stoo kupata kazi za hoteli zamani. Anayebadilisha kazi hali yake ni kinyume. Wasifu wake unamshtaki. Karani wa hospitali anasoma hoteli, hoteli, hoteli, na kabla hajafika chini ameshaiweka karatasi kwenye rundo la wasioitwa. Hapo barua ndiyo peke yake inayoweza kumsimamisha, na barua yangu ilikuwa haisemi kitu.

Nilimwambia hivyo, na nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Nikazima ile faili, tukaanza na tangazo.

Tulilisoma polepole, mstari kwa mstari. Watu wengi husoma sifa zinazotakiwa, wanakutana na neno diploma, wanakata tamaa. Tangazo lilitaka diploma ya ununuzi na ugavi "au sifa zinazolingana nayo", na uzoefu wa hospitali ulitajwa kuwa faida ya ziada. Maneno hayo mawili, "au" na "faida ya ziada", ni mlango. Lau lingesema diploma ni lazima, ningemshauri asipoteze nauli. Kisha tukaenda kwenye sehemu ya majukumu, na huko nikampa kalamu apigie mstari vitenzi tu: kupokea, kukagua, kuhifadhi, kutoa, kuhesabu, kuripoti. Akavipigia mstari vyote sita. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini hizi ndizo kazi zangu."

Tukagonga ukuta hapo hapo. Tangazo lilikuwa la Kiingereza na barua ilipaswa kuwa ya Kiingereza. Nilipomwomba anieleze kazi zake kwa Kiingereza ili nichape moja kwa moja, alirudia yale yale: mchapakazi, mwaminifu, shinikizo. Kiingereza chake cha barua ni cha kukariri, kama cha wengi wetu tuliofundishwa mfano mmoja shuleni. Elimu yake ya stoo yote imo katika Kiswahili. Basi nikaacha kibodi, nikamuuliza kwa lugha yetu: "Mama, hebu nieleze siku yako ilivyokuwa, tangu unafungua mlango."

Alizungumza karibu saa nzima. Saa kumi na moja alfajiri wavuvi wanaleta samaki. Anabonyeza nyama kwa kidole, anafunua shavu kutazama rangi, wasiofaa anawarudisha hapo hapo, mvuvi akasirike asikasirike. Mzigo wa dukani anaulinganisha na karatasi ya agizo kabla ya kutia sahihi, kwa sababu ukishatia sahihi upungufu ni wako. Maziwa yenye tarehe ya karibu anayaweka mbele, ya mbali nyuma. Mpishi akitaka kitu bila karatasi hapewi, hata awe mpishi mkuu. Mwisho wa mwezi anahesabu kila kitu pamoja na mhasibu, kopo kwa kopo. Na mara mbili kwa siku anasoma joto la friji na friza na kuliandika kwenye daftari.

"Daftari hilo liko wapi?" nikauliza.

Lilikuwa nyumbani. Alirudi nalo mchana: daftari la jalada gumu, pembe zimelika, lina safu nne alizozipiga kwa rula mwenyewe. Tarehe, saa, nyuzi, sahihi. Kurasa nyingi zinafanana. Ukurasa mmoja wa Novemba 2021 ulikuwa na wino mwekundu, na nilimwomba anisomee:

"Saa 8:40 usiku stima imepotea. Jenereta haiwaki. Friza 2: -17. Saa 10:15: -12. Nyama na samaki nimehamishia friza 1, barafu nimetoa baa. Saa 12:05 asubuhi stima imerudi. Imetupwa aiskrimu pakiti 3. Basi."

Mlinzi ndiye aliyemgongea mlango kwenye vyumba vya wafanyakazi. Hakuna aliyemwagiza kuandika. Aliandika kwa sababu kesho yake mhasibu angeuliza aiskrimu imekwenda wapi.

Nilipousikia ukurasa ule nilijua barua tumeipata. Hospitali ina friji pia, na stima ya Malindi ikipotea haiulizi hii ni hoteli au ni wodi. Hata hivyo hapa ndipo tulipokaribia kukosea kwa mara ya pili, na ningependa msomaji akae na jambo hili kidogo. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Najua kutunza vitu vya baridi." Jioni hiyo aliingia muuguzi, mteja wangu wa siku nyingi, nikamsomea. Akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba chanjo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na insulini ambayo haijafunguliwa vivyo hivyo, na kwamba ziko chanjo, kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, ambazo zikiganda zimeharibika hata kama baadaye zinaonekana nzima. Hotelini baridi ikizidi samaki yuko salama zaidi. Hospitalini baridi ina sakafu yake. Mtu aliyezoea friza ya samaki, akiachiwa friji ya chanjo bila kuelezwa hilo, anaweza kuizungusha swichi hadi mwisho akidhani anafanya wema.

Mama Stoo aliuliza maswali mengi kuliko mimi. Sauti yake ilibadilika. Alikuwa anazungumza na mtu wa kazi yake.

Barua iliyotoka siku ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja. Shuleni tulifundishwa kuandika MINT:, yaani mintarafu au kuhusu, juu ya kichwa, nami naiacha hivyo katika Kiswahili changu, ingawa iliyotumwa ilikuwa ya Kiingereza:

"MINT: NAFASI YA MSAIDIZI WA STOO YA DAWA

Kwa miaka 11 nimetunza stoo ya chakula ya hoteli moja hapa Malindi, yenye friji 3, friza 2 na rafu za bidhaa kavu. Nimepokea mizigo na kuilinganisha na karatasi za agizo, nimekagua tarehe, nimerudisha visivyofaa, na sijatoa kitu bila sahihi. Kila mwisho wa mwezi nimehesabu stoo pamoja na mhasibu. Majukumu sita mliyoyataja katika tangazo lenu nimeyafanya kila siku, kwa bidhaa nyingine.

Usiku mmoja wa Novemba 2021 stima ilipotea na jenereta ikakataa kuwaka. Nilisoma joto la friza, nikahamisha nyama na samaki, nikaziba nafasi kwa barafu na kuandika kila hatua kwa saa yake. Tulipoteza pakiti 3 za aiskrimu. Nakala ya ukurasa huo nimeiambatisha.

Najua dawa si samaki. Chanjo na insulini hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ziko zinazoharibika kwa kuganda. Najua pia kwamba maamuzi ya dawa ni ya mfamasia. Kazi ya stoo ni kuhakikisha anachokihitaji kipo, tarehe yake haijapita, na hesabu yake ni ya kweli.

Sina diploma ya ugavi. Daftari zangu zilikuwa za mkono, na mhasibu ndiye aliyeziingiza kwenye kompyuta. Kwa hiyo nimeanza masomo ya jioni ya Excel, na risiti ya ada imeambatishwa. Hoteli niliyofanyia kazi imefungwa. Naweza kuanza wakati wowote."

Hiyo ndiyo yote. Aya ya kwanza inamwambia msomaji asisome neno hoteli, asome stoo. Sentensi "kwa bidhaa nyingine" ni yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika mstari mzima wa kueleza kufanana kwa kazi hizo mbili, akaufuta.

Aya ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Watu wanaobadilisha kazi hupenda kusema kwamba ya zamani na mpya ni kitu kimoja. Msomaji aliyeko ndani ya kazi mpya anajua si kitu kimoja, na akisoma hivyo anapoteza imani. Mama Stoo alionyesha mahali kazi hizo mbili zinapofanana, kisha akaonyesha kwa nyuzi kamili mahali zinapoachana. Na alijiwekea mpaka. Nchini Kenya dawa ziko chini ya sheria na Bodi ya Famasia na Sumu, na hakuna hospitali itakayotaka karani wa stoo anayejiona tabibu.

Kuhusu diploma, tulibishana. Yeye alitaka tusiitaje kabisa. Mimi nilihofia kwamba msomaji angeitafuta, akaikosa, akadhani inafichwa. Tukakubaliana iwe sentensi ya maneno manne bila samahani, na mbele yake kidogo ije hatua aliyokwisha kuchukua. Nia haina uzito kwenye barua. "Niko tayari kujifunza" kila mtu yuko tayari. Risiti ya ada ni kitu kingine. Aliilipa siku hiyo hiyo, kabla sijachapa, kwa sababu nilikataa kuandika jambo ambalo bado halijatendeka.

Tulibishana pia juu ya ukurasa wa daftari. Ni kumbukumbu za mwajiri, na mtu hafai kutembeza siri za alikotoka. Tulipoutoa nakala tuliziba jina la hoteli na upande wenye bei za wauzaji, zikabaki saa na nyuzi. Bado sina hakika kama kila mwajiri angelipenda jambo hilo. Kama hoteli ingekuwa bado wazi, ningemwambia aombe ruhusa kwanza.

Kulikuwa na jambo lililomuuma kuliko yote, nalo halimo katika barua. Hoteli ilifungwa na malimbikizo ya mshahara wao hayajalipwa. Alitaka liandikwe. "Waone tulivyotendwa," alisema, na macho yalimjaa. Sikumlaumu hata kidogo. Nilimwambia tu kwamba mtu wa hospitali hawezi kumlipa deni hilo, na akilisoma atajiuliza atasemwa nini yeye siku zijazo. Mahali pa madai hayo ni ofisi ya kazi, na siku ile ile nilimchapia barua yake ya pili, ya madai, bila malipo. Katika barua ya hospitali yakabaki maneno manne: hoteli niliyofanyia kazi imefungwa, basi.

Hapa niseme neno juu ya cheti cha utumishi, maana wengi hawakidai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akupe cheti hicho unapoondoka, isipokuwa kama ulifanya kazi chini ya wiki nne mfululizo. Kinataja tarehe za kuanza na kumaliza, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia. Mwajiri halazimiki kukusifu. Cha Mama Stoo kilisema "karani wa stoo" na miaka yake, wala hakikusema kingine. Ukikitazama unaelewa kwa nini barua inahitajika: cheti kinathibitisha kwamba alikuwepo, barua inasema alipokuwepo alifanya nini. Na kama angekuwa anaomba stoo ya serikali, ningemshauri ajifunze fomu ya S11, ya kuombea na kutolea vitu vya stoo, aitaje kwa jina. Hospitali hii ilikuwa na karatasi zake.

Umri wake hatukuutaja wala hatukuuficha. Cheti cha 1996 kinajieleza.

Simu ililia wiki ya pili, Alhamisi. Siku ya mahojiano alivaa buibui jipya na kubeba daftari zima kwenye mkoba. Aliporudi alinieleza kwamba mfamasia wa hospitali alikuwa ameuweka ule ukurasa mbele yake mezani, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Usiku ule, kabla ya kuhamisha, mbona hukuifungua friza ukaangalia kama vitu vimeanza kuyeyuka?"

"Nikamwambia, kila ukifungua mlango unautoa ubaridi kwa mkono wako mwenyewe. Nilisoma kipimo cha nje. Nilifungua mara moja tu, wakati wa kuhamisha."

Mfamasia akaandika kitu. Waliendelea kuulizana juu ya friji kwa muda mrefu kuliko juu ya diploma.

Hakupewa nafasi iliyotangazwa. Ile alipewa kijana mwenye diploma. Yeye walimpa mkataba wa miezi mitatu wa kupokea na kuhesabu mizigo chini ya mfamasia, kwa mshahara ulio chini kidogo ya ule wa hotelini. Nilisikitika; yeye alisema alhamdulillahi, hospitali haifungi Aprili.

Nikiisoma barua ile leo naona pengo moja ambalo hakuna kati yetu aliyeliona. Katika mahojiano walimuuliza mara mbili kama anaweza kuitwa usiku. Anakaa Maweni, dakika kumi kwa tuktuk kutoka hospitalini, na kwa miaka 11 alikuwa mtu wa kugongewa mlango saa nane za usiku. Ushahidi ulikuwa umo katika aya ya pili, lakini hatukuandika kwamba yuko karibu na kwamba yuko tayari. Mstari mmoja ungetosha. Pengine usingebadilisha matokeo, lakini swali hilo hakupaswa kulingojea hadi chumba cha mahojiano.

Mwezi uliopita alipita tena saiba, safari hii na kitambulisho cha kazi shingoni. Mkataba umeongezwa. Hakutaka barua. Alitaka nimtengenezee fomu ya kuchapisha, nakala 30, ya kuandikia joto la friji ya chanjo, na alikuwa amekwisha kuichora kwa rula kwenye karatasi. Tarehe, saa, nyuzi, sahihi, kama zile za zamani. Katikati alikuwa ameongeza safu ya tano, ya kipimo cha chini kabisa tangu friji iliposomwa mara ya mwisho, na juu yake ameandika kwa wino mwekundu: isishuke 2.